Nimeokota "Mvua": chumba cha maonyesho ya hisani, nisaidieni kabla sijaharibu

SindanoButu

Wakuu, habari za humu. Mimi ni fundi mapazia, mwaka wa kumi na tisa sasa. Ombi langu refu kidogo, mnivumilie.

Kuna nyumba tupu ambayo mwenyewe ameiazima kwa kamati ya hisani kabla hajaifanyia ukarabati. Vyumba tisa, wapambaji tisa, kila mmoja kaokota karatasi kwenye kapu. Watu watalipa kiingilio, watapita chumba hadi chumba kwa siku kumi, na siku ya mwisho vitu vilivyomo vitapigwa mnada. Fedha zote zinakwenda shule ya watoto viziwi, kwa ajili ya vitanda vya bweni. Wenzangu wameokota "Bustani", "Maktaba", "Asubuhi". Mimi nimeokota "Mvua".

Nilialikwa kwa sababu kamati ilidhani fundi pazia na mpambaji ni kitu kimoja. Sikuwasahihisha. Miaka yote hii nimeingia nyumba za watu na ngazi na futi, nimeona makochi yao yalivyokaa vibaya, nikanyamaza maana niliitwa kwa pazia. Sasa nimepewa chumba kizima na sina pa kunyamazia.

Chumba chenyewe ni mita 3.6 kwa 3, dari iko mita 2.7. Mlango mmoja, kwenye kona ya kulia ya ukuta mfupi. Dirisha moja, ukuta mfupi wa mkabala, na linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo mwanga wake ni wa kijivu kutwa nzima. Soketi mbili, zote upande mmoja. Dari haitoboki, kamati imekataa. Kuta ruksa kupaka rangi. Tuna siku nne za kupanga.

Nilichochora hadi sasa: miavuli kumi na miwili ikining'inia kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta, kuta za buluu, nyuzi za shanga za kioo dirishani mithili ya matone, kiti kimoja kizuri mbele ya dirisha, na spika iliyofichwa inayotoa sauti ya mvua juu ya bati. Binti yangu kautazama mchoro akasema, "Mama, hili ni duka la miavuli." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaona ana haki.

Sasa naulizeni: mada inakaaje ndani ya chumba bila chumba kugeuka kabati la vifaa vya mada?

Mbao_Mbichi

Binti yako mnunulie zawadi.

Dada, mimi ni seremala, si mpambaji, lakini nimetengeneza samani za wapambaji wa kutosha kujua wanapokosea. Wanaanza na "nitatundika nini?" Anza na "nani anakaa humu, na mvua inanyesha anafanya nini?" Anashona? Anasubiri mtu? Amevua viatu? Ukishamjua huyo, nusu ya vitu utavitoa mwenyewe bila kuambiwa.

Kuna kisa nakipenda. Kule London, tajiri wa meli aitwaye Leyland alikuwa na chumba cha kulia kilichotengenezwa rafu za kuonyesha vyombo vyake vya kaure. Mchoraji Whistler akaitwa aguse guse rangi tu. Mwaka 1876 na 1877 akakipaka chote, buluu na kijani na dhahabu, tausi kila mahali. Wakagombana juu ya malipo, na Whistler akamaliza kwa kuchora tausi wawili wanapigana. Chumba hicho leo kiko Washington, kwenye jumba la makumbusho, na watu wanakiita Chumba cha Tausi. Hakuna anayekiita chumba cha kaure. Ni kizuri mno, sikatai, ila vyombo vilivyojengewa chumba vikageuka wageni ndani yake. Miavuli kumi na miwili ni tausi wako.

Bakiza mmoja. Uwe umelowa.

Taa_Mbili

Nakazia hapo kwenye "umelowa". Mimi ni fundi umeme wa majukwaa, basi nitasema ya kwangu.

Huo mwanga wa kijivu unaoulalamikia ndio mtaji wako. Mvua ndani ya chumba haionekani kwa matone, inaonekana kwa tofauti: nje baridi, ndani joto. Dirishani acha mwanga uwe wa baridi. Ukitaka kuuongezea nguvu ili jioni isikuangushe, weka ukanda wa LED wa kelvini 4000 nyuma ya pazia (kelvini hupima rangi ya mwanga: namba ikipanda mwanga unakuwa wa baridi, ikishuka unakuwa wa joto). Taa za ndani ziwe kelvini 2700, chini chini, za mezani au ukutani, pasiwe na hata moja ya katikati ya dari. Mtu akisimama mlangoni mwili wake utamwambia kunanyesha kabla hajasoma kibao.

Mambo mawili yatakayokuuma usipoyaangalia. Ukanda uweke ndani ya mfereji wa alumini, usiugusishe kitambaa. Na rangi ya ukuta usiichague dukani. Paka kipande cha plaiwudi, kilaze humo chumbani, kiangalie mchana na kiangalie usiku chini ya balbu zile zile utakazotumia. Buluu nyingi nzuri za dukani hugeuka majivu chini ya taa ya 2700. Nunua balbu zenye CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi ya kitu, ya 90 kwenda juu, hasa kama vitu vitapigwa mnada. Mtu anataka kujua rangi ya anachonunua.

MikonoMiwili

Dada Sindano, shikamoo. Nimesoma uzi wote nikicheka kidogo, usinichukie.

Mimi ni kiziwi tangu nina miaka minne. Umesema fedha zinakwenda kwa watoto viziwi. Na uti wa mgongo wa chumba chako ni spika iliyofichwa.

SindanoButu

Marahaba. Nimesoma ujumbe wako nikafunga simu, nikaenda kupiga pasi mashuka yasiyohitaji pasi. Ni kweli kabisa na wala haikunipitia kichwani. Hao watoto wataletwa siku ya ufunguzi, kamati imeshasema. Niambie basi. Mvua kwako ni nini?

MikonoMiwili

Swali zuri, watu huwa hawaulizi. Mvua kwangu ni harufu kwanza. Halafu mwanga unashuka. Halafu ngurumo, hiyo naipata kifuani na kwenye mbao za kitanda. Mvua kubwa ikipiga naweka kiganja kwenye kioo cha dirisha. Na kuna jambo la kuudhi: umeme ukikatika mvua ikinyesha, mazungumzo yamekwisha. Nyinyi mnaendelea kupiga soga gizani, sisi hatuonani mikono.

Kwa hiyo kwenye chumba, haya ndiyo ninayoyaangalia mimi nikiingia.

Kiti mbele ya dirisha ni kosa. Akikaa mtu pale, mwanga unatoka nyuma yake, uso unakuwa kivuli, sioni midomo wala mikono. Shanga zinazometameta nazo zitoe. Jicho langu ndilo linalofanya kazi ya sikio. Kitu kinachochezacheza pembeni ni kama mtu anayekupigia kelele huku unaongea na mwingine. Viti vikae kwa nusu duara, maana watatu tukikaa mstari mmoja wa katikati anavunjika shingo. Na anayekaa auone mlango.

Lakini kuta zako za buluu usizifute! Katika Chuo Kikuu cha Gallaudet huko Washington, chuo cha viziwi, mbunifu majengo Hansel Bauman na wenzake walianza mwaka 2005 mradi wa kutafuta jengo linalomfaa kiziwi likoje, wanauita DeafSpace. Moja ya waliyoyasema ni kwamba buluu na kijani hutofautiana vizuri na ngozi za watu wengi, kwa hiyo mikono inasomeka bila macho kuchoka. Iwe rangi isiyong'aa, na nyuma ya mtu pasiwe na maua maua. Uliichagua kwa sababu ya mvua, nasi tunaipokea kwa sababu yetu.

Jingine, watoto wengine huvaa vifaa vya masikioni. Chumba kitupu chenye mwangwi kinawatesa. Zulia nene na pazia zito la kutosha vitasaidia.

Mbao_Mbichi

Spika usiitupe, ihamishe. Nakutengenezea benchi la bure, gharama ni mbao tu. Sanduku la plaiwudi, urefu mita 1.4, urefu wa kukalia sentimita 45. Kuta za sanduku milimita 18, ila uso wa kukalia milimita 12 ili ucheze. Ndani nafunga spika ya besi inayotazama juu. Miguu navalisha raba, mtetemo usikimbilie sakafuni ukaishia kwa jirani wa chini. Piga ngurumo tu, sauti nzito. Mchirizo wa matone mwembamba hautauhisi makalioni, utabaki kuwa kelele.

Usiweke mto mnene juu yake, utaua kila kitu. Kitambaa kimoja, basi.

NimeshikaKapu

Nimeshiriki maonyesho ya aina hii mara tatu na kila mara naapa sirudii. Wengine wamekupa uzuri, mimi nakupa adha.

Kugawana vyumba vya nyumba moja kwa hisani ni jambo la zamani. Wale wa Kips Bay kule New York wanafanya tangu 1973. Kinachosahaulika ni kwamba mgeni anafika kwako akiwa ameshaona vyumba vitano. Macho yamechoka. Ana nusu dakika mlangoni, na atapiga picha kutoka mlangoni hapo hapo. Kasimame pale na simu yako kabla hujapanga chochote, maana kinachoonekana pale ndicho chumba chako. Kona zingine ni za wenye subira.

Andika kila kilichoazimwa, picha na jina la mwenyewe, nakala mbili. Mimi nilirudishiwa mazulia mawili kati ya matatu na hadi leo kila mtu anamtazama mwenzake. Waya wa ekstensheni usipite njiani hata chini ya zulia, soketi zako ziko upande mmoja basi benchi na taa vifuate upande huo. Acha njia sentimita 90. Kiti cha magurudumu kitakuja, na kinahitaji duara la mita moja na nusu kugeuka. Zulia lako nene lishike kingo kwa gundi ya utepe.

Halafu kula vizuri ile siku ya tatu ya kupanga. Ndiyo siku ambayo watu hulia.

SindanoButu

Nimerudi, wiki tano baadaye. Samahanini kwa kimya, nilikuwa nalia ile siku ya tatu.

Kuta tatu nilipaka buluu iliyoegemea kijani, isiyong'aa. Nilipiga hesabu ya lita moja kwa mita 10 za mraba kwa kila mkono, mikono miwili, kuta za jumla ya mita 26. Lita tano zikaisha na nikaomba kopo dogo tena. Majaribio ya plaiwudi yaliniokoa: rangi ya kwanza niliyoipenda, usiku ilikuwa kama maji ya kufulia.

Ukuta wa nne sikuupaka. Hapo ndipo nilipofanya ninachokijua. Nilifunga fimbo kwa mikono ya ukutani, sentimita tano chini ya dari, ukuta mzima wa mita 3, nikatundika kitani chepesi rangi ya wingu hadi sakafuni. Mita saba na nusu za kitambaa, mara mbili na nusu ya upana, mikunjo imesimama wima kama imepigwa rula. Ukanda wa taa nyuma yake. Taa_Mbili, nilipowasha nilikaa chini. Ile mikunjo ndiyo mvua. Miaka kumi na tisa nashona mvua na sikujua.

Nyuzi za shanga nilizitamani hadi dakika ya mwisho, nakiri. Zilibaki kwenye boksi.

Benchi lilikaa ukuta wa kushoto, anayekaa anauona mlango, na stuli mbili zikafunga nusu duara. Siku ya ufunguzi watoto waliingia kwa makundi. Msichana mmoja alikaa, ngurumo ikapita, akaruka akatazama chini ya benchi. Akarudi akakaa tena, safari hii kaweka viganja viwili juu ya ubao. Akawaita wengine. Hawakukaa, walilalia tumbo. Watoto sita juu ya benchi la mita 1.4, fundi, lilihimili. Mwalimu wao alilazimika kuwasha na kuzima taa ya meza ndipo wakamtazama. Siku ya mnada shule yenyewe ikalichukua, kamati ikakubali lisipigiwe bei.

Kasoro zipo. Harufu ya mvua niliishindwa. Niliweka chungu cha udongo mkavu nikawa nakinyunyizia maji kila asubuhi, kufika saa nne imeisha. Na pazia lilichafuka pindo, kila mtu alitaka kulishika.

Mwavuli nilibakiza mmoja, kama ilivyoagizwa, nyuma ya mlango ndani ya ndoo ya bati, nikiulowesha kila asubuhi. Siku ya sita ikanyesha kweli kweli, nyumba ikajaa watu waliolowa, na jioni naufuata mwavuli wangu sikuuona. Aliyeuchukua kaacha wake, mweusi, ubavu mmoja umevunjika. Niliuacha palepale hadi siku ya kumi. Ulipendeza kuliko wangu.