Naogopa kuziba jino, hasa ile sindano

Gego la chini lina tundu, daktari kasema lizibwe. Sindano ndiyo inanitisha. Nifanyeje?

— Omba ufizi ukaushwe, upakwe jeli ya ganzi, usubiri dakika 1 au 2. Kinachouma zaidi ni dawa kusukumwa haraka, si ncha ya sindano. Mwambie aisukume polepole.

— Magego ya chini huchelewa kufa ganzi. Asianze kuchimba mpaka nusu ya mdomo wa chini iwe nzito. Moyo ukienda mbio kidogo, ni adrenalini iliyomo kwenye dawa, hupita.

— Kubalianeni ishara kabisa: ukiinua mkono wa kushoto, mashine inazimwa. Na kula kwanza jamani! Baadaye usitafune hadi ganzi iishe, utajing'ata shavu.