Gredi ya pili na hajui kusoma: tuanzie wapi?

Ummu_Kisauni: Hamjambo jamaa. Mtoto wa dada yangu ana miaka 7, yuko gredi ya pili. PP1 na PP2 (chekechea) alihamishwa shule mara kadhaa. "Ba be bi bo bu" yuwaimba bila kukosea, lakini ukimwonyesha "bu" peke yake, akwama. Ukimwambia aandike thelathini na nne, aandika 304. Shuleni wataka arudie darasa. Nyumbani tufanye nini?

Mwalimu_Likoni: Huyo amekariri wimbo, silabi hazijui. Kitabu cha gredi ya pili kiweke kando, kitamtia uoga bure. Mpime kwanza: herufi moja moja bila mpangilio, halafu maneno mepesi, halafu aya fupi. Anapoanza kubahatisha ndipo pa kuanzia, hata ikiwa ni kazi ya PP1.

Kata boksi vipande, kila kipande silabi moja, uvichanganye. Anza na m, s, l, n kwa sababu sauti zake zavutika: mmm-a, sss-i. K na t hukatika ghafla, kuziunganisha ni kazi zaidi. Kwa hizo nne tayari ana mama, lala, simu, mali, nane. B na d usizifundishe pamoja, atazigeuza. Silabi tano mpya kwa siku zatosha, na za jana zitangulie. Dakika 20 tu, wala si usiku baada ya chuo (madrasa), macho yashafumba.

Akifika kwenye "mtoto" na "mboga", mpigishe makofi: m-to-to matatu, mbo-ga mawili. Bila hivyo utaona "mutoto" daftari zima.

Baba_Hesabu: 304 si uzembe, aandika anachosikia: thelathini ni 30, nne ni 4. Tafuta vijiti vya mshikaki, vunja ncha, funga kumi kumi kwa raba. Mafungu matatu kushoto, vijiti vinne kulia. Chini ya mafungu aandike 3, chini ya vijiti 4. Kisha geuza: andika 43, yeye apange. Kutoa kungoje. Ukifika 32 − 5, mwache afungue fungu mwenyewe. Hapo ndipo ataelewa "kukopa" ni nini. Kuhesabu hadi mia kwa mdomo kusikudanganye, huo nao ni wimbo.

Mama_Tudor: Na Kiingereza? Vitabu vingi vya shule ndivyo vilivyo.

Mwalimu_Likoni: Kingoje asome maneno ya Kiswahili bila kusitasita. Kwa Kiingereza E huitwa "ii" na I huitwa "ai". Akichanganya hayo, "kiti" hakisomeki. Kwa sasa mfundishe sauti, si majina ya herufi. Kukiongea na kukisikiliza kuendelee tu.

Pwani_Mzazi: Kuhusu kurudia: Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013, kifungu cha 35, hairuhusu mwanafunzi kurudishishwa darasa. Zungumza na mwalimu kwa upole, omba akae mbele. Na masikio je? Simama nyuma yake, sema polepole "papa", "baba", "tata", arudie. Akikosea, au sikio likitoa usaha, mpeleke hospitali kabla ya masomo yote hayo.

Ummu_Kisauni: Shukran sana. Chuoni yuwasoma kuanzia kulia, haitamchanganya?

Mwalimu_Likoni: La. Daftari mbili tofauti, na hili la shule mtilie nukta nyekundu kushoto mwa kila mstari, aanzie hapo. Akizoea, ziondoe.