Spika mbili za marehemu baba kwenye amplifaya ya chaneli tano: mtangazaji hasikiki

Kijana wa Pasua, Moshi
Wakuu, naomba msaada. Baba alituachia spika mbili za mbao, zinanifika kiunoni, nyuma zimeandikwa omu 6 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Jumapili mchana alikuwa akizifungulia rumba, nyumba nzima inatulia. Kuziuza siwezi. Redio yake ilishakufa, kwa hiyo mwezi uliopita nilinunua amplifaya ya mtumba, zile za sinema zenye chaneli tano, yaani njia za kulisha spika tano, na tundu la sabufa (spika ya besi). Spika nimezifunga kwenye matundu ya mbele, kushoto na kulia. Muziki unatoka, ila besi hakuna kabisa. Taarifa ya habari ndiyo inaniumiza: muziki wa kufungulia unajaza sebule, halafu mtangazaji anasikika kama yuko nyumba ya jirani.

Fundi mmoja anasema spika zimechoka. Mwingine kanishauri kila spika niifunge kwenye chaneli mbili kwa pamoja ili nguvu zijumlishwe. Nimfuate nani?

Fundi mstaafu, Ngarenaro
Pole kwa kufiwa na mzee. Huyo wa chaneli mbili usimfuate kabisa! Kila chaneli ina transista zake. Ukizikutanisha kwenye spika moja, hii inasukuma wakati ile inavuta, na zinaungua. Nimeshapokea amplifaya zilizokufa hivyo, na mwenyewe anakuapia hajagusa kitu.

Spika zako nadhani ni nzima. Amplifaya haijui kuwa unazo mbili tu. Inaamini kuna spika ya katikati, na maneno ya watu huyapeleka zaidi huko, ambako wewe hujafunga kitu. Besi nayo huenda inaipelekea sabufa usiyokuwa nayo. Ingia kwenye menyu ya spika: ya katikati haipo, za nyuma hazipo, sabufa haipo, za mbele ni kubwa. Hilo "kubwa" halihusu ukubwa wa boksi, maana yake zipewe besi yote.

Mama Rau
Mwanangu, kagua na waya za matundu ya nyekundu na nyeusi. Nilipohama nyumba niligeuza waya wa upande mmoja, besi ikapotea wiki nzima, maana spika moja inasukuma hewa na mwenzake anaivuta. Zima umeme, chomoa waya kwenye amplifaya, kisha uguse ncha zake kwa betri ya tochi ya volti 1.5, mara moja tu. Chanya ikigusa waya uliotoka tundu la nyekundu, na hasi ule wa nyeusi, koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) inatoka nje. Ikizama ndani, umegeuza.

Kijana wa Pasua, Moshi
Nimerudi. Rimoti sina, nimehangaika na vitufe vya mbele karibu saa nzima. Mtangazaji amerudi! Besi iliongezeka kidogo tu, nikachukua betri. Ya kushoto ikazama. Waya wa baba wote ni wa kijivu, nilikuwa nabahatisha. Nimegeuza, na sasa mtangazaji anasikika katikati kabisa ya spika mbili, na gitaa la besi nalisikia hadi jikoni. Mama kazima jiko akaja kukaa. Asanteni sana.

Lile tundu la sabufa, naweza kuchomeka spika ya kawaida?

Fundi mstaafu, Ngarenaro
Hapana. Pale inatoka sauti changa, yaani umeme dhaifu usioweza kuendesha spika. Linataka sabufa yenye amplifaya yake ndani. Na nyuzi za waya zisokote vizuri, uzi mmoja ukigusa tundu la pili utaniletea huku.