Kimakonde na Kimakua: nani kaiga sarufi ya mwenzake?

Binti Masasi
Wadau, shikamooni wakubwa. Baba yangu ni Mmakonde wa Newala, mama ni Mmakua wa Nanyumbu. Nawarekodi bibi zangu wote wawili, na kuna jambo linaninyima usingizi. Lugha zote mbili zina maumbo mawili ya kitenzi kwa wakati uleule. Ukisema umelima mihogo, na mihogo ndiyo habari yenyewe, kitenzi kina umbo moja. Ukisema umelima tu, ukanyamaza, kinabadilika. Kiswahili hakina hilo. Nani kamwiga mwenzake?

Mkorosho
Wameigana tu dada. Soko moja, wanaoana, watoto wanacheza pamoja. Utaacha kuchanganya?

Mwalimu mstaafu, Nachingwea
Marahaba binti. Mkorosho, taratibu. Maumbo hayo mawili yapo Kirundi, Kibemba, hata Kizulu, na Mrundi hajaoa Newala. Huenda ni urithi wa mababu. Hapa kwetu ugumu ndio huo: lugha zote ni za Kibantu, kwa hiyo kufanana peke yake si ushahidi.

Kondoa mambo yako wazi zaidi. Kirangi ni Kibantu, lakini kimepakana na Kiburunge, ambacho ni cha Kikushi, ukoo mwingine kabisa wa lugha. Mrangi akisema atapika, kitenzi kikuu hutangulia na kisaidizi hufuata, mfano wa "kupika nipo". Mpangilio huo ni nadra sana kwa Wabantu, ndiyo maana wapo wataalamu wanaowanyoshea kidole majirani.

Binti, wewe tafuta pale lugha zako zinapotofautiana. Kimakonde huweka kiambishi cha yambwa (yaani kinachotendwa) kwa kila ngeli, kama -ki- ya "nimekisoma". Kimakua hukiweka kwa nafsi na ngeli ya m-/wa- tu. Sikiliza Wamakonde waliokulia kwa Wamakua: wanakiacha? Kisha linganisha na wa Tandahimba, ambako Wamakonde ndio wengi.

Binti Masasi
Ahsante sana mwalimu. Na hesabu je? Bibi wote wawili wanasema "tano na moja", ila wajukuu wanasema sita hata wakiongea kilugha.

Mwalimu mstaafu, Nachingwea
Hapo kuiga hakuna ubishi. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu, zimepitia Kiswahili, na zinaingia na mfumo wao: kuhesabu kwa tano kunaondoka. Nakuomba sana, warekodi bibi wakihesabu korosho mpaka ishirini. Fanya wiki hii.