Platini inajikusanya kwenye tanuru, mnaishikaje ikae atomu mojamoja?

kijana_wa_maabara
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana nimekwama wiki ya tatu sasa. Nafanya masters, kazi yangu ni kichocheo cha kuunguza kaboni monoksaidi ya moshi wa magari, na nataka platini ikae atomu mojamoja juu ya alumina (unga wa oksidi ya alumini), sio vishada. Niliweka asilimia 1 kwa kulowesha na asidi ya kloroplatini, nikakausha usiku kucha, nikachoma, halafu nikapitisha hidrojeni nyuzi 500. Unga ulipokauka ulikuwa wa njano mpauko, sasa umetoka wa kijivu, na kwenye kipimo cha eksirei kinachoonyesha fuwele kuna kilima kizima pale pembe ya digrii 39.8, ndo platini yenyewe hiyo imeshajikusanya. Supavaiza anasema nipunguze platini tu. Hivyo inatosha kweli?

fundi_tanuru
Pole sana mkuu. Kupunguza kunasaidia ila peke yake hakutoshi. Atomu iliyo peke yake juu ya alumina inashikwa na oksijeni ya pale chini, ukipitisha hidrojeni kwa joto lile unaiondoa hiyo oksijeni, atomu inabaki inatembeatembea mpaka ikutane na mwenzake na zikishaungana ndo basi. Kina Zhang Tao, mwanakemia wa kule Dalian, China, 2011 walifanikiwa kwenye oksidi ya chuma lakini platini yao ilikuwa asilimia 0.17 tu, kidogo mno.

Mimi ningebadili kitu cha kuiwekea, ningetumia seria, yaani oksidi ya seriamu. 2016 kundi la mtafiti Datye kule New Mexico, Marekani, walichukua platini iliyo juu ya alumina, kama yako kabisa, wakaichanganya na unga wa seria wakachoma hewani nyuzi 800 kwa masaa 10. Kwa joto hilo platini inashika oksijeni inapaa kama mvuke, ikipita kwenye seria inanaswa kwenye kingo za vingazi vya atomu, haitoki tena. Joto lilelile linalotuharibia ndo lililowafanyia kazi, mimi hilo bado linanifurahisha kila nikilifikiria. Ila angalia umbo, seria ya vijiti au ya pande nyingi inanasa vizuri, ya mchemraba inanasa vibaya.

Mama_Kemia
Nakubaliana na fundi, lakini mwanangu jihadhari na mawili. La kwanza, atomu ikishikwa sana inakuwa mvivu, kaboni monoksaidi haiungui mpaka upandishe joto, na moshi wa gari likiwashwa asubuhi ni wa baridi, ndo maana 2017 kukatoka kazi ya kupitisha mvuke wa maji nyuzi 750 kwenye platini na seria, oksijeni ya jirani ikaamka na kazi ikapanda. La pili, eksirei ikiwa safi usishangilie, vishada vya chini ya nanomita 2 haivioni. Mimi nilishangilia, nikaandika ripoti nzima, sampuli ilipopelekwa kwenye hadubini ya elektroni tukakuta vishada vimejaa. Kama huna hiyo hadubini tumia kipimo cha mwanga wa infraredi, pitisha kaboni monoksaidi halafu ifagie na gesi tulivu isiyoungana na kitu, atomu mojamoja inatoa mstari mmoja mwembamba maeneo ya mawimbi 2090 hadi 2100 kwa sentimita na hausogei, vishada mstari unateremka kadiri gesi inavyotoka.

kijana_wa_maabara
Asanteni sana, Mama shikamoo. Infraredi tunayo kwenye jengo la pili, nitaomba zamu. Sasa huu unga wa kijivu niumwage? Platini ni ghali na bajeti yangu ndo imeishia humo.

fundi_tanuru
Usimwage hata chembe! Kishada nacho kikichomwa hewani nyuzi 800 kinatoa mvuke, atomu zinachomoka kidogo kidogo zinanaswa kwenye seria. Saga na seria kwenye kinu mpaka rangi iwe moja, chombo kiwe wazi na hewa ipite, hidrojeni usiiguse kabisa. Ukitoa piga tena eksirei pale 39.8 utuletee picha hapa.

kijana_wa_maabara
Poa, nasaga kesho asubuhi.