Hilux 3L ya gia za mkono: niweke otomatiki ya A43D au A340E?

MwanaKirumba: Wakuu, tuna pikapu ya Hilux inayovuta kwa tairi za nyuma tu, injini 3L ya dizeli. Inabeba sangara na dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, mara nyingine inavuka daraja la Kigongo–Busisi mpaka Geita. Dereva ni kaka yangu, na goti lake la kushoto limechoka, foleni za mjini na klachi haziwezi tena. Gari hatuuzi, injini bado nzima. Nimeona gia boksi mbili za mtumba: A43D, na A340E ambayo ni ya kisasa zaidi na bei iko juu kidogo. Ipi inafaa?

Fundi_Nyakato: Chukua A43D. Pampu ya dizeli ya 3L ni ya kimakanika, haina kompyuta. Sasa A340E hubadilisha gia kwa amri ya kompyuta, nayo lazima ijue umekanyaga kiasi gani na gari liko kasi gani. Itabidi ufunge sensa kwenye mkono wa pampu, utafute kompyuta yake, uvute waya mpya. Inawezekana kabisa, ila ikigoma usiku ukiwa Sengerema, nani atakusaidia? A43D inafanya kazi kwa presha ya oili. Gavana, kifaa cha ndani ya gia boksi, inasoma mwendo, na waya wa kikidauni kutoka kwenye pampu unaiambia mguu umekanyaga wapi. Umeme inaoutaka ni wa ovadraivu, ile gia ya juu kabisa, basi.

Dereva_Usagara: Shikamoo fundi, ila hapo naona tofauti. Gia ya kwanza ya A43D ni 2.452, ya A340E ni 2.804. Pikapu imejaa samaki na barafu inapanda Bugando, hiyo tofauti utaisikia. Halafu A340E ina lokapu, yaani kufuli la konveta, kile kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwa oili badala ya klachi ya mguu. A43D haina, mpaka upate ile ya A43DL. Maana yake konveta inateleza muda wote, oili inapata moto, na safari ndefu dizeli inaliwa.

Fundi_Nyakato: Marahaba. Kwenye kuondoka konveta yenyewe inaongeza nguvu, mlima sina wasiwasi nao. Joto ndilo naliogopa kweli, umesema vizuri. Rejeta ya gari la gia za mkono haina sehemu ya kupoza oili ya gia. Lazima afunge kipoza oili cha pembeni mbele ya rejeta, chenye hewa ya kutosha. Bila hicho gari lisitoke gereji.

BintiIgogo: Kabla ya bei, uliza imetoka gari gani! A43D zilifungwa pia kwenye Hilux za petroli za 22R, na kengele yake ya mbele, lile gamba linalofungwa kwenye injini, haikai kwenye dizeli ya 2L, 3L wala 5L. Dai konveta na plati yake inayochukua nafasi ya flaiwili. Propela itabidi ikatwe au irefushwe, kisha ibalansiwe. Na swichi ya P (kuegesha) na N (huru) iungwe kwenye stata, tafadhali, gari lisije likawaka likiwa kwenye gia.

MwanaKirumba: Nimerudi dukani. Muuzaji anasema A43D imetoka kwenye gari la 2L. Konveta na plati vipo. Waya wa kikidauni umekatwa.

Fundi_Nyakato: Basi tafuta waya halisi kwanza, ndipo ulipe. Watu wanadhani ni wa kuongezea kasi tu. Huo ndio unaopandisha presha ndani: ukilegea presha inashuka, klachi za ndani zinateleza na kuungua. Wengi wanalaumu gia boksi wakati tatizo ni waya. Pia chomoa stiki unuse oili. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, achana nayo hata akikupunguzia.

Dereva_Usagara: Kwa mzigo wenu mimi bado ningechukua A340E. Ila kama hamna fundi wa umeme mnayemwamini, msikilizeni mzee.

MwanaKirumba: Tunaenda na A43D, waya ukipatikana. Oili gani?

Fundi_Nyakato: Dexron II au III, oili ya gia za otomatiki. Konveta iingie mpaka mwisho kwenye pampu ya gia boksi kabla ya kukaza bolti za kengele, na uizungushe kwa mkono uhakikishe haijabana. Ukiivuta kwa bolti unavunja pampu. Oili pimeni injini ikiwa inawaka, imepata moto, baada ya kupitisha selekta, mkono wa kuchagua gia, kwenye gia zote na kurudi P.