Mtu mzima akitiwa implanti ya koklea huelewa maneno au husikia sauti tu?

BintiMajengo:
Asalam aleikum jamani. Babangu amefanya kazi bandarini miaka na miaka kwenye makelele ya mitambo, masikio yakaenda polepole mpaka sasa hata mashine za masikio hazimfai, ukimwongelesha anasikia mvumo tu maneno hayashiki. Daktari anasema anafaa kutiwa implanti ya koklea, kile kifaa cha kusikia kinachopandikizwa kwa oparesheni ndani ya sikio. Kwamba atasikia nishaambiwa, mimi nauliza je ATAELEWA? Jioni alikuwa hakosi barazani na wenzake, siku hizi haendi, wanacheka yeye hajui wanacheka nini. Pesa tunachanga ukoo mzima na sitaki kumpa mzee matumaini ya uongo.

KakaLikoni:
Waaleikum salaam dadangu. Mimi ninayo, nilipoteza masikio ukubwani baada ya homa ya uti wa mgongo. Kwanza jueni kuwa haiwashwi siku ya oparesheni, husubiriwa kidonda kipone, na ikiwashwa msishtuke mzee akisema hajaelewa kitu. Mimi nilisikia milio milio tu, sauti ya mke wangu na ya kijana wangu sikuweza kuzitofautisha. Baadae ubongo ukazoea. Sasa tukiwa wawili chumbani naongea vizuri hata bila kukutazama mdomo, simu pia napokea, lakini kwenye feri watu wamejaa na honi zinalia hapo bado napotea. Kilichonisaidia zaidi ni kufuata kitabu kwa macho huku nasikiliza kikisomwa, kila siku, hata nikichoka, na kichwa huchoka kweli.

Fundi_wa_Masikio:
Nafanya kazi ya kupima masikio. Sikio zima lina chembe za kusikia kama 15,000 hivi. Implanti ina elektrodi chache tu, yaani vincha vidogo vya umeme, kampuni moja 12, nyingine 16, nyingine 22, zinazopeleka umeme mdogo moja kwa moja kwenye neva ya kusikia inayokwenda ubongoni, kwa hivyo kinachofika ubongoni ni sauti iliyopunguzwa sana na ubongo ndio unaojazia pengo. Kukiwa kimya unajazia vizuri, watu wengi waliopoteza masikio ukubwani hushika sentensi nyingi sana kwenye chumba cha kupimia, halafu mtu huyohuyo akienda arusini hapati kitu. Muziki pia huwa mgumu. Kupanda kwenyewe kwa uelewa huwa kwa kasi miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, halafu polepole mpaka kama mwaka na wengine hata baada ya hapo. Umri peke yake haumzuii mtu, kinachopima sana ni amekaa muda gani bila kusikia maneno. Na muulizeni daktari usikivu uliobaki kwenye sikio litakalopasuliwa, maana unaweza kupotea.

MamaMjiWaKale:
Mwanangu mimi nakwambia la pili lake ili ulijue. Shemeji yangu kazaliwa hasikii, akatiwa hiyo mashine mtu mzima. Yuwasikia honi, adhana, mlango ukigongwa, ukimwita ageuka, na haivui ila kulala. Lakini maneno bila kukutazama mdomo hapati, mazungumzo yake bado ni ya ishara na sote nyumbani twaongea nae kwa ishara. Babako si kama yeye, babako maneno anayo tayari kichwani.

BintiMajengo:
Asanteni sana wallahi. Baba mashine zake hajawahi kuziacha, anazivaa mpaka leo. Na barazani je, ndio basi tena?

Fundi_wa_Masikio:
Kuzivaa ni kheri kubwa, hiyo neva haikukaa bure. Na sikio lisilopasuliwa aendelee kulivalisha mashine ikiwa bado linapata chochote, wengi huelewa zaidi wakitumia yote mawili.

KakaLikoni:
Aende dadangu, tena mapema kabla hawajajaa. Akae mgongo ukutani, mwenye kusikia nae vizuri awe upande wa implanti, na wenzake waambiwe waziwazi wasisemee pamoja na wasimpigie kelele, kupayuka kunaharibu maneno. Kuna maikrofoni ndogo ya kuwekwa karibu na msemaji, inapeleka sauti moja kwa moja kwenye implanti, ulizieni bei yake kabla hamjamaliza mchango. Na hili joto letu la Mombasa, jasho linaingia kwenye ile sehemu ya nje ya implanti inayovaliwa kichwani, kila usiku aivue aitie kwenye kasha la kukaushia.